Mstari Mmoja

Bucha isiyo na nyama inanuka vibaya kuliko bucha yenye nyama, hilo watu wengi hawalijui. Ikiwa na nyama unasikia harufu ya nyama, basi, umezoea. Ikiwa haina unasikia sabuni. Na mteja akisikia sabuni kwenye bucha anajua kuna jambo.

Mama Bucha alikuwa anafuta mizani ambayo haijapima kitu. Alishaifuta asubuhi, akaifuta tena, sasa anaifuta kwa sababu mikono haina pa kwenda. Mtaa mzima unamwita Mama Bucha. Wanawake wa rika lake ni Mama nani, Mama nani, kila mmoja na jina la mtoto wake. Yeye mtoto hana, na watu si wakatili kihivyo, wakampa jina la kitu alichonacho.

Dada wa saluni akachungulia dirishani, kichwa kimejaa rola.

"Leo mna nini?"

"Leo hatuna."

"Hata maini?"

"Hata maini, mdogo wangu."

"Basi afadhali. Maana mume wangu ameshaanza kuniambia nikila nyama ya kwenu nitaota ndevu."

Waliokaa kwenye benchi la nje wakacheka. Mama Bucha naye akacheka, tena akacheka vizuri, kwa sababu mteja ni mteja hata kama hanunui. Dada wa saluni alipoondoka, lile cheko likabaki usoni kwake muda, halijui litoke vipi.

Stori yenyewe mtaa mzima unaijua. Siku hizi machinjioni hawaangalii minyoo na majipu peke yake. Wanapima homoni, zile dawa za kunenepesha, ng'ombe anavimba mapaja kama mbeba vyuma. Ng'ombe wa mwisho wa bucha hii alikutwa nazo. Akafukiwa mzima mzima, na mkaguzi akasema neno moja tu: akija mwingine wa hivyo kutoka kwenu, leseni inafutwa, na haitarudi. Hapo ndipo walipo. Nyumbani bandani wamebaki madume wawili, mwekundu na mweusi, na hakuna anayethubutu kumpeleka hata mmoja.

Mume wake akaingia kwa mlango wa nyuma. Watu wanamwita Nundu, kwa vile kubeba mapaja ya ng'ombe miaka yote kumemwotesha kilima begani, shati zote zinakaa upande.

"Funga dirisha," akasema.

"Wateja je?"

"Wateja gani?"

Akafunga. Nundu akainama, akatoa soksini vipakiti viwili vya karatasi ya kung'aa.

"Nimevipata. Ni vilevile wanavyotumia kule machinjioni."

"Umepewa au umeuziwa?"

"We unataka kupima au unataka risiti?"

Mama Bucha akachana kimoja. Ndani kulikuwa na kijiti cheupe cha plastiki, kitundu kidogo chini cha kudondoshea, na kidirisha katikati. Akawa anakigeuzageuza.

"Shida sijui kinasomwaje," Nundu akasema. "Mpiga deki wao ndo kanipa, tulikutana mlangoni kwa choo, mtu anatoka, mtu anaingia, ningeanza kumhoji? Karatasi ya maelezo iko kwenye boksi, na boksi liko kwa wenyewe."

"Mimi usinifundishe kusoma hivi."

"Unavijua?"

"Mume wangu. Hivi nimevisoma kuliko mtu yeyote mtaa huu." Alisema polepole, bila hasira. "Mistari miwili, kitu kimo. Mmoja, hamna kitu. Ni hivyo tu."

Nundu akaangalia sakafu. Kila mwezi, miaka yote ya ndoa, mkewe alikuwa anaingia bafuni na kijiti kama hiki na kutoka nacho kimekunjwa kwenye karatasi ya chooni, na siku hiyo chakula kinapikwa bila redio. Mmoja. Daima mmoja.

*

Ng'ombe humwambii akojoe akakojoa. Walisimama bandani na kopo mpaka miguu ikafa ganzi. Yule mwekundu anawaangalia, yule mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso anatafuna tu, hana habari na maisha ya mtu.

Aliyekuwa anajua kuwatunza ni Upepo, mdogo wake Nundu. Anaitwa Upepo kwa sababu ulipomwacha sipo utakapomkuta. Lakini na ng'ombe alikuwa ametulia, hilo lazima lisemwe. Aliwalisha, aliwaogesha, na kaka yake alimwahidi kwamba yule mweusi akiuzwa, faida ni yake, aanzie maisha. Akachovya mkono kwenye ndoo, akaanza kumsugua mwekundu chini ya tumbo taratibu.

"Shemeji geuka," akasema. "Anaona aibu."

"Amwonee aibu nani, mimi nimemkatia wenzake."

"Ndo maana."

Mama Bucha akajikuta anacheka kweli. Mwekundu akalegea, kopo likajaa. Wakahamia kwa mweusi.

Upepo akanyanyuka, akafuta mkono kwenye suruali, akasema bila mtu kumuuliza, "Kaka, kabla hujapima. Nataka niseme."

"Sema."

"Yule aliyefukiwa ni mimi. Nilimpachika kidonge cha kunenepesha chini ya ngozi ya sikio. Najua nilikwambia sijui. Na huyu mwekundu nilimpachika. Mweusi sijamgusa."

Nundu akaenda kwa mwekundu akashika sikio, akalibonyeza kote kama anatafuta jiwe kwenye mchele. Hakuna kitu. Akashika la mweusi. Hakuna kitu.

"Kinayeyuka, kaka. Kishaisha. Dawa ndo bado inazunguka mwilini."

"Kwa nini mweusi hukumpa?"

"Vidonge viliisha."

"Viliisha ulipofika kwa wa kwako."

"Ee. Viliisha."

"We ungekuwa mimi ungeamini hiyo?"

Upepo akafikiri kwa haki kabisa. "Nisingeamini," akasema.

Mama Bucha alishachukua vijiti, akaviweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, cha kushoto mwekundu, cha kulia mweusi. Akadondosha. Maji yakapanda kwenye kidirisha kama chai inavyopanda kwenye andazi. Wakachutama wote watatu. Mahali pale hapakusikika kitu ila mweusi akitafuna.

Cha mwekundu kikatoa mstari mmoja, ukakolea. Wakangoja. Mmoja tu.

Cha mweusi kikatoa mmoja. Halafu, chini yake, wa pili. Mnene, umekolea, hauna ubishi.

Mama Bucha akajishika kifua. Kwanza, na hii hakumwambia mtu, aliona wivu. Maisha yake yote alikuwa anautaka ule mstari wa pili, na umemtokea ng'ombe.

"Mweusi ndo anayo," akasema. "Mwekundu msafi."

"Haiwezekani," Upepo akasema.

"Macho unayo, tazama."

"Shemeji, haiwezekani. Mimi ndo niliyepachika. Mkono huu."

"Kwa hiyo kijiti kina ugomvi na wewe," Nundu akasema. "Kimetoka huko kiwandani kikasema, nikifika bandani kwa wale watu nitamsingizia Upepo."

"Kaka, naapa."

"Uliapa na kwa yule wa kwanza. Uliapa hapa, umesimama hapohapo, na mavi yaleyale miguuni." Sauti ya Nundu ilikuwa chini, ndo ilivyokuwa mbaya. "Unajua nini kinaniuma? Sio dawa. Umekaa ukapanga. Mwekundu asiende, aende mweusi, faida yako uipate, na mkaguzi akimkuta nazo, mimi leseni yangu iende. Ulikuwa tayari."

Mtu aliyezoea kusema uongo ana maneno mengi ya kuupamba. Ukweli Upepo alikuwa hajauzoea, hakujua unapambwa na nini.

"Basi," akasema.

Alivua mabuti ya mpira, kwa vile yalinunuliwa na kaka yake, akayapanga ukutani, kushoto na kulia. Akavaa ndala. Akampigapiga mweusi shingoni mara mbili tatu, akatoka.

"Shemeji, kula kwanza," Mama Bucha akasema, lakini alisema nusu, na Upepo alikuwa ameshapita.

*

Dalali alikuja kabla jua halijawa kali, anazunguka mweusi kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga.

"Ana tatizo gani?"

"Hana tatizo," Nundu akasema.

"Bei uliyosema kwenye simu, nilidhani mtandao unakata. Mbona unauza kama umemwiba?"

"Nina shida zangu."

"Poleni." Dalali akamtazama Mama Bucha. Mama Bucha akatazama ndoo. "Haya. Shida zako, bahati yangu."

Mweusi alipanda kwenye pikapu bila ubishi, akageuza kile kichwa chenye doa kuangalia banda. Ikaondoka.

"Nani atamla?" Mama Bucha akauliza.

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wa mbali huko. Mke wangu, usianze."

Hakuanza. Alienda kunawa mikono, akanawa tena, wakati hakuwa ameshika kitu.

*

Machinjioni Mama Bucha alivaa kitenge kizuri. Nundu alimwambia utakuja kuchafuka, akasema acha nichafuke. Mwekundu alikuwa ameshaning'inia, amechunwa, anang'aa, mapaja kama nguzo za benki. Wachinjaji waliopita walikuwa wanageuza shingo.

"Mnyama," mmoja akasema. "Hapo unakata mpaka kisu kinakushukuru."

Nundu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ile siku mbaya. Kilima chake begani kilionekana kama kimeshuka.

Mkaguzi alikuwa msichana mdogo kuliko Mama Bucha, buti nyeupe, macho ya mtu asiyelala vizuri. Akakata kipande cha ini, akakisaga na maji kwenye kichupa, akavuta, akadondosha kwenye kijiti. Kilekile. Akakiweka kwenye sinia, akageuka kuandika namba ya mzoga. Mama Bucha akasogea. Akasogea tena. Akashika ukingo wa meza.

Mstari ukatokea. Mmoja. Akangoja, anahesabu pumzi zake mwenyewe. Mmoja tu.

Akamshika mume wake mkono mbele za watu, kitu ambacho hawafanyi. Machozi yakamtoka. Miaka yote kile kimstari kimoja kilikuwa kinamfukuza bafuni kama mwizi. Leo kimoja hikihiki kimemletea heri. Akatoa simu, akampigia dada wa saluni hapohapo, katikati ya damu na makelele ya misumeno.

"Mdogo wangu? Kesho uje mapema. Ee, ipo. Safi kabisa. Waambie na wenzako. Na mumeo mwambie ndevu atafute kwingine."

Akakata simu anacheka. Mkaguzi alikuwa anamtazama.

"Mama, umefurahia nini?"

"Kipimo, daktari. Si mmoja?"

"Ni mmoja."

"Basi si hamna kitu?"

Mkaguzi alishusha kalamu. Ilionekana angependa mtu mwingine awe zamu.

"Mama, hiki si kama kile cha mimba. Hiki kinakwenda kinyume." Akakinyanyua. "Humu ndani kuna kingamwili. Wachukulie kama askari, wamepakwa rangi. Kazi yao ni kukamata homoni. Nyama ikiwa safi, askari hawana wa kumkamata, wanatembea mpaka hapa, wanajipanga, wanatoa mstari. Nyama ikiwa na dawa, wanakutana nayo njiani, wanahangaika nayo, hapa hawafiki. Mstari haupo. Huu mmoja wa juu ni wa kuonyesha tu kwamba kijiti ni kizima."

"Kwa hiyo miwili..."

"Miwili ni safi."

Nundu alikuwa amekaa chini. Hakuna kiti pale, alikaa kwenye sakafu yenye maji, na suruali yake ya kutokea.

"Rudia," Mama Bucha akasema. "Tafadhali, daktari. Rudia."

Mkaguzi akarudia. Si lazima kurudia, lakini akarudia, na kijiti kipya. Mmoja. Wachinjaji walikuwa wamesimama na visu vyao, hakuna tena aliyesifia mapaja.

Mambo mengine yalikwenda haraka, na yalikwenda kwa adabu, hakuna aliyepaza sauti. Wakamkata mwekundu mikato mirefu mirefu, wakampulizia rangi ya kijani asije mtu akamchimbua usiku akamuuza, wakamvuta kwa mnyororo mpaka shimoni. Leseni ilikuwa kwenye mkoba wa plastiki ndani ya pochi ya Mama Bucha, aliibeba kwa fahari aje aionyeshe. Akaitoa mwenyewe, akampa mkaguzi. Ilikuwa bado na joto la kwapa.

"Naomba nikuulize kitu," akasema.

"Uliza, mama."

"Hiyo dawa. Mtu akiwa anakula maini ya ng'ombe wa hivyo. Kila siku, labda, kwa vile ni wa kwake. Inaweza kumzuia asizae?"

Mkaguzi aliangalia kitenge cha Mama Bucha.

"Mama," akasema, "mimi napima nyama."

*

Nyumbani Nundu alikaa bandani, kwenye ndoo ileile iliyogeuzwa. Mabuti yalikuwa ukutani, kushoto na kulia. Akapiga simu. Ile sauti ya mwanamke wa mtandao ikamwambia namba haipatikani, akaisikiliza mpaka mwisho kama vile huenda atabadilisha maneno. Akapiga tena.

"Alisema," Mama Bucha akasema akiwa mlangoni.

"Najua alisema."

"Alisema ukweli na mimi ndo nikamwambia atazame."

"Mimi ndo niliyemfukuza."

"Kwa kijiti changu."

Nundu hakumbishia. Angembishia ingekuwa nafuu. Akampigia dalali, akauliza kama mweusi bado yupo, anaweza akamrudisha, kwa bei yoyote. Dalali akacheka, kicheko cha mtu aliyeshiba.

"Ndugu yangu, yule hakulala kwangu. Kuna mtu alimdaka njiani."

"Yuko mbali?"

"Mbali wapi. Bucha ya ng'ambo ya barabara, inayotazamana na yenu. Kwani?"

*

Tangu aolewe, Mama Bucha hajawahi kununua nyama. Hajui hata watu wanapangaje foleni, nani yuko mbele ya nani. Alivuka barabara na kikapu, akasimama nyuma ya mzee mmoja. Nundu alimkataza. Mama Bucha akamwambia nyumbani hakuna mboga, kama anataka ashinde njaa na aibu yake ni sawa, yeye anavuka. Lakini haikuwa mboga. Alitaka kuona.

Alimwona. Kichwa kilikuwa mezani upande wa kushoto, ulimi nje, doa jeupe kwenye paji. Nyuma yake yeye mwenyewe ananing'inia vipande vipande, kila kipande na muhuri wa bluu.

Muuzaji alikuwa na furaha, na kwa nini asiwe nayo. "Sogeeni, hakuna wasiwasi, imepimwa," anawaambia watu. "Mistari miwili, imenyooka kama reli. Nyama ya namna hii hamjala mwaka huu."

Mbele kidogo kulikuwa na dada wa saluni, ameshachukua yake. Akageuka akamwona. Jana tu alikuwa amepigiwa simu aje mapema, na amekuja mapema, ila dirisha alilozoea limefungwa, na mlango wa chuma umebandikwa karatasi yenye muhuri wa serikali. Safari hii hakutania. Aliangalia chini. Bora angetania.

Zamu ikafika.

"Karibu, Mama..." muuzaji akasema, akasimama hapo, kisu kimekaa hewani. Macho yake yalivuka barabara mpaka kwenye ile karatasi, yakarudi. Huwezi kumwita hivyo mtu mbele ya mlango wake uliofungwa. Akatafuta jina lingine la kumwekea, akatafuta kweli, akakosa.

"Robo," Mama Bucha akasema, kumsaidia.

"Nikukatie wapi?"

"Popote."

Akakata pajani, pazuri. Akapima, halafu akaongeza kipande juu, bila kuulizwa, kipande cha huruma, mizani ikashuka. Mama Bucha alikijua kipande hicho. Na yeye alikuwa anawakatia wajane.

Alipogeuka foleni ilikuwa imeziba mlango.

"Mpisheni," dada wa saluni akawaambia watu, na watu wakajibana ukutani, wakampisha, kikapu kinadondosha damu kidogo kidogo kwenye sakafu ya mwenzake.

"Pita, mama," wakasema. Mama tu.